Viatu na Maandalizi ya Safari ya Mto Ewaso Ng'iro: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuondoka

Likizo za shule zinapokaribia, makundi mbalimbali ya wakazi wa kaunti yetu hupanga safari ya kuteremka kaskazini hadi Mto Ewaso Ng'iro. Kuna vilabu vya wanafunzi, vijana wa makanisa, vyama vya akina mama, na pia wanachama wa vyama vya watumiaji wa maji wanaotaka kuona mto unavyofika kwa majirani wa nyanda za chini. Kutoka Giakanja, safari hupitia mjini Nyeri, Kiganjo, Naro Moru, Nanyuki, Timau na Isiolo hadi Archers Post. Ni takriban kilomita 180, na gari likitoka alfajiri hufika kabla ya jua kuwa kali.

Umbali huo si mkubwa, na hapo ndipo wengi hujisahau. Mtu hufunga safari kama anayekwenda Karatina: slipas miguuni, chupa moja ya maji mkononi. Makala haya yanaeleza ni viatu gani vya kuvaa, namna ya kuvichagua bila gharama kubwa, na maandalizi mengine ambayo kila msafiri anapaswa kuyafanya kabla ya kufika kwenye mto unaopita katika nchi kame.

Mto ule si kama mito yetu

Mkazi wa Giakanja amezoea mito ya Tetu. Hutoka msitu wa Aberdare, huwa na maji mwaka mzima, kingo zake zina nyasi, na hatimaye maji yake huingia Mto Tana. Ewaso Ng'iro ni tofauti. Huanzia vilevile katika milima yetu, kwa kuwa mito ya Naro Moru, Burguret na Nanyuki hutoka Mlima Kenya na kuungana nao, lakini ukishashuka Laikipia huingia katika nchi ya joto na mchanga. Hupita kati ya mbuga za Samburu na Buffalo Springs, ukaendelea Shaba, kisha huishia katika kinamasi cha Lorian bila kufika baharini.

Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Archers Post iko chini ya mita 1,000. Mchana joto huko hupita nyuzi 30 mara nyingi, na mchanga wa mtoni huweza kuchoma nyayo kama kikaango. Chini ya migunga kumejaa miiba iliyokauka. Ukingoni kuna matope yanayonata, na katikati ya mto kuna mawe yenye utelezi. Katika ukame mkali mto hukauka kabisa sehemu nyingine, na mvua ikinyesha mlimani hufurika kwa ghafla.

Kwa hivyo kiatu cha safari hii kina kazi tatu: kuzuia mwiba na joto kutoka chini, kushika ardhi yenye utelezi, na kutoa maji haraka kikilowa. Kiatu kinachoweza kazi moja tu kitakuumiza katika zile nyingine mbili.

Viatu tulivyo navyo na kazi zake

Familia nyingi hazihitaji kununua viatu vipya. Kwanza tazama vilivyo nyumbani.

*Raba za michezo.* Kwa wengi hiki ndicho kiatu bora. Hufungwa kwa kamba, soli yake ina meno, na zile zenye kitambaa cha wavu hutoa maji upesi. Hakikisha soli ni nene kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole gumba kutoka chini, ndani husikii kitu.

*Viatu vya turubai vya wanafunzi, maarufu kama ngoma.* Ni vyepesi na hukauka haraka. Tatizo ni soli: ikishaisha, mwiba wa mgunga hupenya moja kwa moja. Vinafaa kukanyagia majini na matopeni, si kwa mwendo mrefu vichakani.

*Buti za ngozi.* Huzuia miiba vizuri na hushika kifundo cha mguu. Hata hivyo zikilowa huchukua hata siku mbili kukauka, na buti mpya isiyozoewa huleta malengelenge kabla ya saa sita mchana. Ukizivaa, usiingie nazo majini.

*Akala.* Viatu vya matairi ndivyo wafugaji wengi wa kaskazini huvaa, na kuna sababu: hakuna mwiba unaopenya tairi, na havihifadhi maji. Lakini mguu usiozoea huchubuliwa na mikanda, na mchanga huingia pembeni. Kama utavaa akala, chagua zenye mkanda wa nyuma ya kisigino, na uanze kuzizoea mapema nyumbani.

*Gambuti.* Mkulima wa Tetu hawezi kufanya kazi bila gambuti wakati wa mvua, lakini kwenye safari hii ziache nyumbani. Ndani yake mguu hutokota kwa jasho. Kubwa zaidi, ukikanyaga mahali penye kina, gambuti hujaa maji, huwa nzito, na kuzivua ukiwa majini ni vigumu mno.

*Slipas na viatu laini vya mpira vyenye matundu.* Ni vya kuogea na kupumzikia kambini. Mwiba huvipenya kama siagi, na maji yanayokwenda kasi huvivua mguuni. Watu wengi hujeruhiwa wakikimbilia slipas inayochukuliwa na maji. Ikienda, iache iende.

*Viatu vyeusi vya shule.* Soli yake ni laini na huteleza kwenye jiwe lililolowa. Mzazi, usimvishe mtoto viatu hivi kwa sababu tu mwalimu amesema waje na sare.

Mpango unaofaa zaidi ni kubeba jozi mbili: moja ya kufunika mguu wote kwa kutembea, na nyingine ya mikanda au turubai ya kukanyagia matope na kupumzisha mguu jioni. Kama una uwezo wa jozi moja tu, iwe raba.

Ukinunua mtumba

Raba nzuri hupatikana sokoni kwa bei nafuu, lakini kiatu cha mtumba kimekaa muda mrefu, na gundi yake huwa imezeeka. Kiatu kinachoonekana imara hapa kwenye baridi kinaweza kuachana na soli yake siku ya kwanza ya kukanyaga mchanga wenye joto. Kabla ya kulipa, fanya haya:

1. Kikunje katikati. Soli ikionyesha nyufa au ikiachana kidogo na kiatu, kirudishe.
2. Kijaribu jioni, si asubuhi. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea, na kwenye joto huvimba zaidi.
3. Kivae na soksi utakazosafiri nazo. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba.
4. Tembea kwenye mteremko. Vidole vikigonga mbele, kucha zitauma safarini.
5. Angalia ndani ya kisigino. Kikishatoboka, kitachubua.

Ukishanunua, kipeleke kwa fundi wa viatu akishone soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni, badala ya kutegemea gundi peke yake. Ni kazi ya muda mfupi na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kurudi nyumbani ukichechemea. Nunua pia jozi ya ziada ya kamba za viatu.

Kuzoeza miguu

Anza angalau wiki mbili kabla ya safari. Vaa viatu hivyo kila siku, hata ukienda dukani au shambani. Milima ya Giakanja ni uwanja mzuri wa mazoezi: panda na ushuke kwa nusu saa, kisha uongeze hadi saa mbili. Mara moja, vilowanishe kwa maji na utembee navyo vikiwa vimelowa, kwa kuwa kiatu kisichochubua kikiwa kikavu kinaweza kuchubua kikilowa.

Kata kucha siku mbili tatu kabla ya kuondoka, moja kwa moja bila kuchimba pembeni. Beba jozi tatu za soksi. Soksi za pamba tupu hunywa maji na kukaa nazo, hivyo zile za sufu au zilizochanganywa na nailoni ni bora zaidi. Paka mafuta ya mgando kati ya vidole na kisigino kabla ya kutembea.

Ukihisi mahali panapata moto ndani ya kiatu, simama hapo hapo. Usingoje mapumziko. Vua, pangusa mchanga, kausha, bandika plasta, kisha endelea. Lengelenge likishatokea, usilipasue. Lifunike kwa kitambaa safi. Mwiba ukikuchoma, utoe wote, osha kwa maji safi na sabuni, na ukumbuke chanjo ya pepopunda. Kama hujui ulipata lini ya mwisho, uliza katika zahanati iliyo karibu nawe kabla ya kusafiri.

Mgonjwa wa kisukari azingatie zaidi. Hisia za mguu zikipungua, mtu anaweza kutembea na mwiba siku nzima bila kujua, na jeraha dogo likawa kidonda. Asitembee peku hata hatua chache kutoka hemani, na kila jioni mtu amkague nyayo.

Viatu vilivyolowa vitoe soli za ndani, vijaze karatasi za gazeti, na viweke kivulini penye upepo. Usiviweke karibu na moto, kwani ngozi hukakamaa na gundi huyeyuka. Asubuhi kung'uta kila kiatu kabla ya kukivaa. Nge hupenda mahali penye giza na ubaridi, na ndani ya kiatu ni mahali kama hapo.

Maji, jua na mbu

Kila mtu apange kunywa lita tatu hadi nne kwa siku, na zaidi kama anatembea juani. Kikundi cha watu 20 kwa siku mbili kinahitaji basi si chini ya lita 120 za kunywa tu. Yabebeni kwenye madumu kutoka nyumbani. Maji ya Ewaso Ng'iro si ya kunywa bila kuchujwa na kuchemshwa au kutiwa dawa.

Mtu akianza kuumwa kichwa, kuona kizunguzungu au kuacha kutoa jasho, mpelekeni kivulini, mlegezeni nguo, mmwagieni maji mwilini na mmpepee. Akiwa na fahamu, mpeni maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kilima. Akichanganyikiwa au kuzirai, asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja.

Kofia pana, shati la mikono mirefu na suruali nyepesi ni bora kuliko kaptura. Beba sweta pia. Barabara hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 karibu na Timau kabla ya kuteremka Isiolo, na alfajiri baridi ya huko si mzaha.

Malaria si ya kawaida hapa kwetu, na kwa sababu hiyo miili yetu haina kinga ya kutosha. Muone mhudumu wa afya angalau wiki moja kabla ya safari akushauri kuhusu dawa ya kujikinga, na ulale ndani ya chandarua. Ukipata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari ulikuwa wapi.

Hakuna kiatu cha kuvukia mafuriko

Hili ndilo jambo la muhimu kuliko yote. Kiatu kizuri humpa mtu ujasiri, na ujasiri mbele ya mto uliofurika umeua wengi. Aprili 2012 vijana saba waliokuwa kwenye matembezi walisombwa na maji katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha. Septemba 2019 watu wengine saba walifariki katika korongo hilo hilo. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu karibu na Mwingi ukiwa umefurika. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha, huku watu wakitazama kutoka ukingoni.

Ewaso Ng'iro una historia yake. Machi 2010 ulifurika kwa ghafla katika mbuga ya Samburu, ukaharibu hoteli na kambi za kando ya mto, na watalii wakaokolewa kwa helikopta.

Sisi wakazi wa Nyeri tuna nafasi ya kipekee ya kulielewa jambo hili. Maji yanayofurika kule chini hutoka huku kwetu na Laikipia. Mvua kubwa ikinyesha Aberdare au upande wa Naro Moru, maji yake hayafiki Archers Post papo hapo; yako njiani. Unaweza kusimama kwenye mchanga mkavu, anga ikiwa safi kabisa, na mvua uliyoiacha nyumbani ikakukuta. Kwa hivyo kabla ya kuondoka, na kila siku mkiwa huko, pigeni simu nyumbani na muulize kama imenyesha mlimani. Fuateni pia utabiri wa Idara ya Hali ya Anga. Miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba ndiyo yenye hatari kubwa zaidi.

Kanuni za kufuata ni hizi:

- Msipige kambi kwenye mchanga wa mto wala ndani ya laga, yaani mto wa msimu uliokauka, hata kama ni pakavu na pana kivuli.
- Maji yakibadilika rangi ghafla, yakianza kubeba vijiti na povu, au mkisikia mngurumo kutoka juu ya mto, acheni vitu na mpande mahali pa juu. Msirudi kuchukua viatu.
- Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini huweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 huweza kubeba matatu.
- Barabara ikifunikwa na maji, dereva asimame. Abiria wana haki ya kukataa kuvuka, na kiongozi wa kikundi ana wajibu wa kuwaunga mkono.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kuchelewa kufika nyumbani kwa siku moja kunaelezeka kwa simu.

Ukifika mtoni

Ewaso Ng'iro una mamba na viboko, na ndovu hushuka kunywa maji mchana na usiku. Usioge mtoni, usichote maji ukiwa peke yako, na usitembee kandokando ya mto bila askari wa wanyamapori au kiongozi wa eneo hilo. Ndani ya mbuga, teremkeni kwenye gari pale tu mlipoonyeshwa. Mbuga ya Samburu iko chini ya Kaunti ya Samburu, na zile za Buffalo Springs na Shaba ziko chini ya Kaunti ya Isiolo. Ulizeni ada na masharti mapema.

Epuka pia kukanyaga madimbwi yaliyotuama. Kichocho, ambacho kimewasumbua wakulima wa mpunga wa Mwea kwa miaka mingi, huenezwa na konokono wa maji ya namna hiyo, na vijidudu vyake huingia kupitia ngozi. Viatu vya wazi havizuii.

Kumbuka kwamba mto huo ni bomba la maji la watu wengine. Wafugaji huchimba visima kwenye mchanga na kunywesha mifugo kwa zamu. Usioshe viatu wala nguo kwa sabuni karibu na visima hivyo, usivivuruge, na uwapishe wenye mifugo. Ukitaka kupiga picha ya mtu, omba ruhusa kwanza.

Maswali ya mzazi na mwanakikundi

Kabla ya kulipa nauli ya mtoto au yako mwenyewe, muulize anayeandaa safari:

1. Tutalala wapi, na ni umbali gani kutoka ukingo wa mto?
2. Nani mwenyeji anayeijua njia na mto atakuwa nasi?
3. Gari lina bima na dereva atapumzika lini?
4. Nani amebeba sanduku la huduma ya kwanza, na anajua kulitumia?
5. Mto ukifurika, mpango wa kurudi ni upi?

Kama hakuna jibu la swali la kwanza na la tano, safari hiyo haijawa tayari. Majina ya wote wanaosafiri na nambari za jamaa zao yaachwe kwa mtu mmoja nyumbani, na pia shuleni au kanisani. Sehemu nyingine za njia hazina mtandao wa simu, hivyo kubalianeni saa ya kupiga simu kila jioni, na nini kifanyike ikipita bila simu.

Wakati wa dharura piga 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa nambari 1199. Ziandike kwenye karatasi na uiweke mfukoni ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu simu ikilowa haitakuonyesha nambari.